Pindo la Vidole Vinne

Wifi yangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya mwanao pia. Sisi tu wazima. Bomba la jikoni bado linavuja na kaka yako bado anasema atalitengeneza kesho.

Majibu ya binti yangu yametoka. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayouagiza mwili ukue. Yake haikuumbika sawasawa tangu tumboni. Daktari alisema mtoto huupata ugonjwa huu akirithi jeni mbili zenye kasoro, moja ya mama, moja ya baba. Njiani kaka yako akaniuliza, "Sasa mama nimwambie nini?"

"Mwambie nusu ni yenu."

Hajamwambia. Miaka minne mnanisema nimewaletea kibete, nami nimechoka.

Lakini siandiki kukusuta. Mimi nimeolewa na kaka yako, wewe umeolewa na kaka yangu. Kilichokutana kwangu kinaweza kukutana kwako. Kwenye picha mwanao amevaa sketi ya shule niliyomshonea mwaka juzi. Niliacha pindo la vidole vinne ili uliteremshe akirefuka. Bado limekunjwa, na sketi bado inafunika magoti. Nyuma ya picha umeandika, "Huyu hanitii hasara ya nguo!"

Mpeleke akapimwe wiki hii. Wangu amechelewa kuanza sindano za kumkuza kwa sababu tulikuwa tukibishana ugonjwa umetoka upande gani.

Siku pindo hilo litakapohitajika, nitakuja kulifumua mwenyewe.

Wifi yako wa pande zote mbili