Jembe la Mama Yako na Ndege ya Kasongo

Papa Donati,

Ndege tumemaliza kuikata jana. Pale ilipokuwa imesimama, pembeni mwa kiwanja, limebaki doa la mafuta na majani meupe yaliyokosa jua. Nilikaa juu ya gurudumu lake moja nikanywa maji, mikono imejaa malengelenge, nikajiuliza nani atamwambia Papa Donati. Nikaona ni mimi. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha darasa la tano kule Wamaza. Habari ni nyingi, na nyingine si nzuri kwako. Utanisamehe.

Baada ya wewe kufa iliruka miezi michache tu. Injini ya kushoto ikaanza kukohoa, piloti akaitua, akashuka, akaitazama kidogo, akapanda pikipiki akaenda zake. Patroni, mwenye ndege, alitafuta injini nyingine mpaka akachoka. Mwisho akaiuza yote kwa Ramazani, yule fundi anayeyeyusha bati na kumimina masufuria karibu na soko. Ramazani akatafuta watu wa kuikata. Wapakiaji wenzangu walikataa, walisema ni sawa na kumla mbwa wako wa kuwinda. Mimi nilikubali. Nyumbani ni mbali, na mpakiaji asiye na ndege ni mtu bure tu hapa mjini. Lakini si njaa peke yake. Nilitaka kujua.

Kila ilipotua, kabla hatujafungua mlango, wewe, kiongozi wetu wapakiaji, ulikuwa unapita kwanza nyuma, unapapasa chini ya mkia kwenye lile bonde dogo la bati, unasema, "Mama aliipiga hapa." Halafu ndiyo kazi ianze. Wageni uliwaeleza upya, sisi tulikuwa tumeshika kwa kichwa: mama yako alikuwa analima mpunga karibu na kiwanja, mimba yako imefika, ndege ya kwanza ikaja kutua Kasongo, watu wakakimbilia porini, yeye akairushia jembe, jembe likapiga mkia, na jioni ile ile akakuzaa njiani. Ndiyo maana jina lako la nyumbani ni Ndeke, yaani ndege. Na ndege ile ilikuwa ndiyo hii yetu, ulisema, hakuna nyingine.

Tulikutania sana. "Kama mama yako alikuwa na mukono wa namna hiyo, baba yako aliponaje?" Wewe ulijibu, "Muulizeni ndeke. Iko na akili kuliko ninyi wote." Siku moja nilikuuliza kama kaka yako mkubwa wa Nyangwe naye aliona. Ukanikata: "Gaspari? Gaspari hajui kitu. Achana na Gaspari."

Sasa sikiliza shida iliyotokea. Tulipokuzika, fundi wa simenti aliuliza miaka. Mwaka wa kufa tuliujua. Wa kuzaliwa, hapana. Kwa mapadri haukuandikwa, ulibatizwa ukiwa tayari na ndevu. Kadi zako zilikuwa mbili na kila moja ilisema lake, kwa sababu kila karani ulimpa mwaka uliokuja mdomoni. Mkeo, Mama Veronika, akamwambia fundi aache nafasi tupu mbele ya ule mwaka wa kufa. Lakini nafasi ile ilimtesa. Kila Jumapili akitoka misa alipita kaburini, akarudi na maneno yale yale: "Bwana yangu amelala pale kama mutu alianzia katikati." Aliposikia nimepewa kazi ya kuikata ndege, alikuja mwenyewe mpaka kiwanjani, akasimama na mwavuli. "Lutala, weye uko ndani ya ile ndeke kila siku. Donati alizaliwa siku ilitua. Nitafutie mwaka wake."

Sote tuliona ni jambo rahisi.

Nilianza na sakafu. Unajua jinsi ndege ile ilivyokaa, mkia chini na pua juu, na sisi tukipandisha magunia ndani yake kama watu wanaopanda kilima. Vyote vilivyomwagika viliteremka vikajikusanya nyuma, chini ya mbao. Nilipozing'oa nilikaa nikivitazama kama mtoto. Mpunga, maharage, chumvi iliyogeuka jiwe, mchanga mweusi wa madini kutoka Lusangi, manyoya ya mbuzi, kifungo cha shati la askari, kahawa mbichi. Kahawa, Papa! Sisi hatukupakia kahawa hata siku moja. Nani aliipakia, na wapi? Na chini kabisa yalikuwepo mawese yaliyoganda. Hayo nayajua. Ni yale ya bidoni, dumu nililolijaza mpaka mdomoni mwaka wangu wa kwanza, ili mfanyabiashara asiseme nimempunja, yakafika angani yakavimba na kutapika. Piloti alitaka nifukuzwe. Wewe ulisema kosa ni lako, hukunifundisha. Halafu pembeni ukaniambia, "Bidoni nayo inavuta pumzi, muachie nafasi." Sisimizi walikaa ndani ya ule mkia miaka miwili.

Karibu na kiti cha piloti, chini ya rangi, nilipata kibati kidogo chenye maandishi. Maneno sikuyajua, lakini namba nazijua. Mwaka ulikuwa pale, safi kabisa, umegongwa kwa chuma. Niliacha msumeno nikakimbia na jasho langu mpaka kwa Mama Veronika. Alilia, akanipa muhogo na samaki. Wiki ile ile fundi alikoroga simenti kidogo, akajaza nafasi, akaandika mwaka kwa msumari. Nilisimama pale nikijiona mtu mwenye akili.

Gaspari alifika kutoka Nyangwe siku ya kumaliza matanga, mwaka ulipotimia. Alivuka mto kwa mtumbwi, akapanda pikipiki, akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Tulimpeleka kaburini. Akavua kofia, akasoma jina lako kwa sauti, akasoma mwaka. Akasoma tena. Yeye alisoma kwa mapadri tangu mdogo, mwaka wake umeandikwa vizuri na anaujua kama jina lake.

"Donati iko mukubwa wangu tangu lini?" akauliza.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Huyu nilimubeba mugongoni! Alinikojolea hapa!" Akajipiga mgongo. "Leo amekufa munamupandisha mbele yangu? Mutoto wangu akipita hapa kesho atasoma nini? Kwamba baba yake alikuwa mudogo?" Kicheko kikaisha, maana unajua katika ukoo wenu mkubwa ndiye hugawa nyama na kuongea kwanza. Alikataa kukaa, alikataa kula. Alisema hatagusa chakula cha nyumba ile mpaka namba itoke. Mama Veronika alinitazama tu. Papa Donati, nimebeba magunia ya kilo mia, lakini macho yale yalikuwa mazito zaidi.

Nilirudi kwenye ndege asubuhi yake. Niliona nimeharibu, na nilitaka kujua nimeharibia wapi. Upande wa mbele tulikuwa tumekwisha kuukata, umebaki mkia na kipande cha mwili kilichoshikamana nao. Nikachukua kisu nikaanza kukwangua rangi polepole. Kwenye kipande hicho, chini ya bluu yetu kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe nyekundu, kisha bati. Mkiani, chini ya bluu kulikuwa na kijani. Kijani peke yake, halafu bati. Nikaona ajabu. Nikatafuta pale rangi zinapokutana, nikakuta mstari wa misumari ya bati ikizunguka mwili wote, na misumari ya upande huu ni minene kuliko ya upande ule. Ndani ya mkia kulikuwa na kibati kingine, na namba nyingine, na mwaka mwingine.

Zilikuwa ndege mbili, Papa. Moja ilipoteza mkia mahali fulani, nyingine ikapoteza kichwa, watu wakaziunganisha. Sisi tulipakia miaka yote hiyo bila kujua. Nilimwita Ramazani, akazunguka mara mbili, akashika kiuno. "Kumbe nimeuziwa maiti mbili mu sanduku moja!"

Nilikaa na mkia ule siku nzima, kazi sikufanya. Ndani yake kulikuwa na kulabu za kufungia mikanda, kama za askari, na juu ya mlango maneno matatu ya lugha ambayo hata Ramazani, aliyefika mpaka Dar es Salaam, hakuijua. Na bonde lako nililikwangua. Kijani kilikuwa kimeingia mpaka chini yake. Maana yake bati liligongwa kwanza, rangi ikaja baadaye. Nikafurahi, nikasema labda mzee alisema kweli, mkia ni wenyewe. Nikataka kukimbilia kwa Mama Veronika na mwaka wa pili. Nikafika barabarani nikasimama. Mwaka ule ni wa siku watu walipoligonga bati likawa mkia, katika nchi nisiyoijua. Si siku ilipotua Kasongo. Inaweza kuwa ilizunguka dunia ikizeeka kabla haijaona mpunga wa mama yako. Hakuna kibati kinachoandika hilo.

Basi nilikwenda mikono mitupu. Gaspari alikuwa bado amekaa nje ya uzio wa nyumba yako, juu ya kiti alichoazima kwa jirani, anakula ndizi alizojinunulia. Mama Veronika yuko ndani ya uzio, amempa mgongo. Niliwaambia yote wakiwa hivyo hivyo: nilisoma kichwa cha ndege nyingine, mkia nao hausemi kitu, kosa ni langu. Nilingoja matusi. Mama Veronika akaanza kutikisika mabega. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu uende. "Kwa hesabu yako, Lutala, wakati ananioa alikuwa mzee namna ile, na mimi nilimupikia nyama ngumu!"

Gaspari naye alijikaza, akashindwa. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikauliza lile ambalo ulinikataza.

"Papa Gaspari, siku ndeke ilitua, weye ulikuwa wapi?"

"Mu shamba. Nilikuwa nafukuza ndege wa mpunga."

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Miaka yote hiyo! Akasimulia akiwa na ganda la ndizi mkononi. Alisikia mngurumo, akataka kumpigia mama mluzi akimbie, lakini mluzi haukutoka, maana meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka juma lile lile. Ulipita upepo tu. Mama yake aliona mwenyewe, akatupa jembe, akamshika mkono, wakakimbia. Jioni ukazaliwa wewe.

Mama Veronika alikuwa amegeuka. "Meno ya mbele," akasema. "Ya kwanza kutoka?" Gaspari akaitikia. Mama Veronika akahesabu kwa vidole: miaka sita, au saba. Gaspari akataja mwaka wake, nami nikaandika chini kwa kijiti. Nikaongeza sita, nikaongeza saba. Mama Veronika alichagua saba. Alisema anapendelea ulale ukiwa kijana kidogo. Fundi alikuja na patasi akaitoa ile namba yangu, akaweka nyingine. Gaspari aliisoma, akavaa kofia, akaingia ndani akala sahani mbili.

Sasa lile baya. Nilimwuliza kuhusu jembe. Alisema mama yenu hakuirushia ndege kitu. Alilitupa chini ili akimbie vizuri. Lilipotea ndani ya mpunga, wakalitafuta siku tatu, kwa sababu lilikuwa jembe moja tu nyumbani. Sasa najua kwa nini ulisema Gaspari hajui kitu. Sijakasirika. Nilicheka peke yangu njiani. Lile bonde sijui lilitoka wapi, kuna mtu mahali fulani aliyeligonga na yeye anajua. Ramazani ameliyeyusha pamoja na mengine. Sufuria zimetoka nzuri, Mama Veronika amechukua moja, anasema inachelewa kushika moto, kama wewe asubuhi.

Mimi pia nina mwaka wa uongo, Papa. Ule wa kwenye kadi yangu niliutaja mwenyewe ili nionekane mtu mzima. Mama yangu yuko hai kule Wamaza, macho yake yameanza kuniacha, hivyo ndivyo alivyosema kwa mtu aliyepita, "macho yananiacha na Lutala hajaja." Najua tu kwamba nilizaliwa mwaka daraja lilipobebwa na maji. Sijawahi kuuliza daraja gani, wala nani alikuwepo. Jumamosi kuna pikipiki inayopita Kabambare, njia ya kwetu, nimeshaongea na dereva. Nakuahidi nitakaa na mama mpaka aseme yote. Halafu nitakwenda kwa mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye mama anasema hajui kitu, nimwulize yale yale. Wakibishana nitawaacha wabishane, nami nitaandika ya wote wawili.

Pumzika vizuri, Papa Donati Ndeke, mdogo wake Gaspari.

Ni mimi,
Lutala