Nilimjibu Da Consolata kwa Kiswidi

Jumapili, jioni. Theluji imegeuka tope, na viatu vyangu vinakauka karibu na hita. Leo najichukia, na afadhali niseme kwa nini.

Kwa wasionijua: mimi ni Mhindi wa Tanga. Nyumbani Kigujarati kilikuwa cha kuombea chumvi na kugombezwa. Mambo mengine yote, kucheka, kuota, hata kutongozwa, yalinikuta kwa Kiswahili. Hapa Stockholm naandika hadithi, na nimo katika kikundi cha wasanii wenye asili ya Asia. Jana tulikuwa na hafla ya kusoma kazi zetu, kila mtu kwa lugha yake ya nyumbani.

Hadithi yangu ilikuwa tayari. Inamhusu baba, fundi saa, aliyekuwa akiimba taarabu huku akifungua saa za watu. Niliiandika kwa Kiswahili, mezani kwa Da Consolata kule Husby, pembezoni mwa jiji. Yeye ni wa Bukoba, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na akirudi kutoka kazini alikuwa akinisikiliza amenyoosha miguu juu ya kiti. "Hapo unadanganya," alikuwa akisema. "Rudia." Mwisho wa hadithi ni wake, neno kwa neno.

Alhamisi akanipigia Meera, anayeongoza kikundi chetu. "Kiswahili? Shirin, watu watachanganyikiwa. Wanakuja kusikia Asia."

Ningeweza kumwambia kwamba hicho ndicho changu. Nikasema sawa.

Nikampigia mama, akanisimulia kisa kifupi cha Kigujarati, nikakikariri kama mtoto wa chekechea. Da Consolata sikumwambia kitu. Nami nilijua keshaomba ruhusa kazini ili aje kunisikiliza.

Alikuja na kitenge chake kipya, yeye na binti yake Neema, wa miaka tisa, wakakaa mstari wa mbele. Nilisoma bila kuwatazama. Makofi yalikuwa mengi. Bibi mmoja wa Kigujarati akaja akanishika mikono, machozi yanamtoka, akaongea na kuongea. Nilielewa labda nusu. Nikawa naitikia kwa kichwa na kutabasamu, mwizi kabisa.

Ndipo Da Consolata akafika. "Shirin, mdogo wangu, na ile yetu je?"

Meera alikuwa pembeni yangu. Yule bibi alikuwa bado hajaniachia mikono. Nikajibu, "Vi tar det sen." Tutaongea baadaye.

Hatujawahi kusemeshana Kiswidi, mimi na yeye. Hata siku moja.

Alinitazama, akamshika binti yake mkono, akaenda kuchukua makoti.

Leo mchana nikapanda treni kwenda Husby. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akafungua mlango, akasema, "Hej, kom in," yaani karibu ndani, akanikaribisha kahawa kwa Kiswidi, kwa adabu ileile anayowapa ndugu wa wazee anaowatunza kazini wakija kutembelea. Nilianza kulia hata koti sijavua.

"Usinililie," hatimaye akasema kwa Kiswahili. "Mimi yatanipita. Shida ni huyu." Akaelekeza kidevu sebuleni, alikokuwa Neema na simu yake. "Kila nikimsemesha ananijibu Kiswidi. Anasema Kiswahili ni cha kumpigia bibi simu, basi. Nikamwambia twende Jumamosi, ukakione kikisomwa mbele ya watu. Unajua kwenye treni aliniambia nini? 'Si nilikwambia, mama.'"

Nikavua koti, nikaingia sebuleni.

Nikamwomba Neema nimsomee hadithi palepale. Akainua mabega. Nikasoma. Da Consolata alisimama mlangoni, hakunisahihisha hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kile Kiswidi. Katikati Neema akauliza, kwa Kiswidi, kama baba yangu alikuwa Mwafrika au Mhindi.

"Alikuwa mtu wa Tanga," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. Kisha akarudi kwenye simu yake. Niliendelea kusoma kwa ajili ya mama yake, lakini nilipofika ule mwisho aliouweka yeye, alikuwa ameshaondoka mlangoni. Nikasikia anaosha vikombe.

Nikiwa kwenye treni nilimwandikia Meera: hafla ijayo nasoma kwa Kiswahili, la sivyo toeni jina langu. Ameshausoma ujumbe, hajajibu.

Wala sijisifu. Ilikuwa rahisi kuandika nikiwa peke yangu kwenye kiti cha treni. Palipotakiwa ujasiri ni Alhamisi, na jana mbele ya yule bibi.

Mtoto ameniona nikiikana lugha ya mama yake. Nitafanya nini ili siku moja aamini kwamba mwenye kasoro pale nilikuwa mimi, si Kiswahili?