Mbarka na Picha za Ijumaa

Mwaka umetimia, mama Ridha, tangu tukutoe nyumbani kwenye jeneza, kwa mlango wa mbele, msimu wa makomamanga, zeituni bado hazijaguswa. Kina mama walikuwa wanalia, mimi niko chini natafuta viatu vyangu. Mpaka leo sijui nani aliondoka navyo.

Ulikuwa mtu wa mkono wazi. Mkate ukitoka tanurini, wa kwanza wa jirani, wa pili wa mpita njia, sisi tunakula uliobaki, kama umebaki. Nikikuuliza unasema, "Kula, mzee, acha kuhesabu riziki ya Mungu." Ulimi ulikuwa nao. Lakini hakuna mtu mji huu aliyekuja mlangoni kwetu akaondoka na njaa, hata yule kinyozi uliyekuwa unamwita mwizi.

Na kiapo chako, je? Ridha wetu alipopanda boti kwenda Italia bila kukuaga, uliapa husemi naye kwenye simu mpaka aje mwenyewe akubusu kichwani. Miaka sita hukulegea. Lakini kila Ijumaa, kuskusi ikishaliwa, unachukua simu, unatoka, unapiga picha moja ya mji, unamtumia. Bila neno. Picha yenyewe imelala upande, na kidole gumba chako kimeziba kona. Mtoto akawa anaishi kwa hizo.

Siku zile za mwisho ukanishika mkono, ukasema, "Usimwambie mpaka apate karatasi zake za kukaa huko. Akisikia atakuja, na akija hawamruhusu kurudi Italia tena. Miaka yake yote imekwenda na maji." Nikasema sawa. Kwetu msafiri hapelekewi msiba, nani asiyejua. Mji mzima ukafunga mdomo, hata wale tunaowajua mimi na wewe. Lakini Ijumaa ikafika, mama Ridha, na simu ninayo mimi.

Nikaenda kwenye kinu cha zeituni, nikapiga picha. Binti yetu Saluha akaiangalia. "Baba, imenyooka mno hii! Kaka atajua siyo ya mama."

"Sasa nifanyeje?"

"Ilaze. Na dole uweke."

Nikaweka. Akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba, dole gani hilo, kama kuni iliyoungua!" Basi akaweka lake, lenye hina. Ikaenda.

Leo nimekaa na picha zote tulizomtumia, nakuonyesha, maana hukuziona. Hii ni siku ile bonde lilipojaa maji, yakachukua viti vya kinyozi. Huyo ni Khemaisi muoka mikate, amekikumbatia kiti kimoja kama bibi harusi. Hii ni mwisho wa Ramadhani, watoto wanabeba sinia za biskuti kwenda kuoka kwa Khemaisi, na yule mtoto mdogo wa Saluha anakula njiani mbichi. Hii harusi ya jirani, vumbi tupu, wapiga ngoma huwaoni. Hii siku ya joto kali, umeme umekatika, wazee wote tumejipanga kwenye kivuli cha posta kama nguo za kuanikwa.

Nzuri, eh? Mimi sikuona uzuri wake hata mmoja. Nilikuwa naangalia pembeni tu. Nani amevaa nini? Nani ana uso wa msiba? Yuko wapi mtu ambaye angetakiwa kuwepo? Ridha unamjua, picha anaivuta anaikuza, anatafuta mpaka mende ukutani.

Sikukuu ya kuchinja ndiyo ilitaka kuniua. Nilikuwa nimempigia picha ya uani, akapiga simu yeye. "Baba, kiti cha mama mbona kina sufuria juu yake?"

"Kimevunjika mguu."

"Nani alikikalia, Khemaisi?" Akacheka weee. "Mama hajambo?"

"Ametulia."

"Mwambie kiapo chake kimeshaota ndevu."

"Nitamwambia."

Simu ilipokatika nikaenda uani nikauvunja ule mguu wa kiti, ili angalau hilo liwe kweli. Kisha nikaja makaburini nikakupa salamu zake, kama alivyosema. Hilo nalo halikuwa uongo.

Sasa mwaka ukawa unakaribia. Saluha akasema, "Baba, karatasi ya kumbukumbu ya mama lazima itoke, na majina yetu wote. Itabandikwa kwa Khemaisi na itawekwa kwenye ukurasa wa mji, kwenye simu."

"Ukurasa ambao kaka yako anausoma kila asubuhi?"

"Huo huo."

"Basi isitoke."

"Watu watasema tumemsahau."

"Itoke bila jina la Ridha, labda itampita."

Saluha akaniangalia. "Baba, unamtoa mtu kwenye watoto wa mama yake?"

Na zile karatasi za Ridha bado, mama Ridha, bado mpaka leo. Nilingoja mwaka mzima ili nitimize neno lako, nikashindwa. Nisamehe. Nilifikiri, kama ni lazima ajue, asijulie ukutani kwa watu. Ajue kutoka kwangu.

Ijumaa iliyopita nikaja kwako. Tulikuwa tumelipaka kaburi lako chokaa, na kibakuli cha maji ya ndege kimejaa. Nikapiga picha. Nikaituma bila neno, maana neno lenyewe lingetoka wapi? Alama zikageuka buluu. Ameiona. Nikangoja. Alasiri, kimya. Nikampigia, simu imezimwa. Nikasema basi, ameshashika njia, yuko bandarini, yuko ndani ya boti, na bahari ya sasa hivi siyo ya mtu. Khemaisi akaja kukaa na mimi. "Kula kidogo, Ridha haji." "Umejuaje haji?" "Sijui. Kula."

Jumamosi asubuhi simu ikalia mlio mmoja. Mjukuu akanisomea. Hakuuliza lini, hakuuliza kwa nini. Hajasema kama amekasirika, hajasema kama anakuja au anabaki, na hilo bado linanikaa kifuani. Ameandika hivi tu: "Jina langu liwe la kwanza, baba. Mimi ndiye kifungua mimba."

Basi wanaokukumbuka, Mbarka, ni hawa:

Mwanao Ridha, aliyeko Italia.
Binti yako Saluha, mumewe na watoto wao wanne.
Dada yako Dhahbia.
Majirani wa mtaa wa tanuri.
Na mimi mumeo, Hamma.

Kila mkate ukitoka tutakutaja, wala hatutachoka.