Bunduki Niliyoisugua Kama Sufuria

Kaptembwo, Nakuru

Mpendwa Nekesa,

"Niaje" yako nimeipokea, ingawa babu huamkiwa kwa shikamoo. Sisi ni wazima, na bibi yako anakusalimu.

Unauliza jinsi ya kuondoa herufi za rangi kwenye bunduki kuukuu ya makumbusho yenu bila kuharibu weusi wa chuma. Usinifuate mimi. Ujanani, mwenye shamba nililofanyia kazi huko Njoro alinipa kazi hiyohiyo. Nyumbani kwetu chombo safi kilikuwa kile kinachong'aa, basi nikachukua jivu na waya wa kusugulia sufuria, nikasugua upande mmoja wa mtutu hadi ukametameta.

"Hiyo utapikia ugali?" mpishi wa mwenye shamba akaniuliza. "Mzee akiiona, kazi huna."

Akapaka herufi za upande wa pili mafuta ya kupikia, akaziacha zilowe siku nzima, kisha akazibandua taratibu kwa ukucha. Weusi ukabaki. Tukaitundika bunduki, upande wangu ukielekea ukutani.

Mpishi huyo ndiye bibi yako. Hadi leo, nikianza kubishana naye, huniuliza kama aende Njoro akaigeuze ile bunduki.

Babu yako