Kiti Chako Pembeni mwa Migomba

Baba,

Shikamoo. Tangu tukuzike huwa nakuombea dua tu, sikusumbui. Leo nakusumbua, maana hapa nyumbani kuna jambo linanitisha na Kaka Athumani hasikii la mtu.

Rehema wetu anaolewa Jumamosi. Wageni watatoka vijiji vya Ulaya na Msowero, hadi Mikumi, na ngoma itachezwa hapa hapa uwanjani kwako. Ndiyo maana Kaka alileta trekta dogo. Uwanja wote ule wa mabonde na vichuguu aliulima, akang'oa migomba yote, akasawazisha, tukapanda ukoka. Mvua zikaunyeshea. Baba, ungeuona! Kijani kitupu. Wapita njia wanasimama kusifia, na mimi kichwa kikanivimba.

Mama hakuulizwa. Alikuwa ndani, kwenye eda yako.

Juzi Kaka alikuwa anavuta rola la chuma kushindilia udongo. Mara ardhi ikaguna huko chini, mguno mzito, na tairi la nyuma likazama hadi nusu. Kaka akaruka, kisha akacheka, eti ni mashimo ya fuko. Mama akatoka jikoni mikono kichwani: "Fuko gani! Hapo ni choo cha zamani!"

Ndipo akatueleza. Kila choo kilipojaa ulikifunika kwa magogo na udongo, ukapanda mgomba juu yake, ili mtu ajue hapo si pa kuchezea. Vilikuwa vitatu. Kimoja ndicho kilichomeza tairi. Kingine kiko nyuma ya jiko, nimeshakizungushia miiba. Cha tatu ulikifukia Mama akiwa kwao, amekwenda kujifungua. "Baba yenu ndiye aliyekuwa anajua," akasema, akakaa chini.

Migomba imekwenda, Baba. Na magogo yameoza.

Kaka alimwaga udongo kwenye shimo akakung'uta mikono. Anasema Mama ana majonzi tu, na kadi zimeshagawiwa, tusijitie aibu. Unamjua, kichwa kigumu amekirithi kwako. Mimi natembea kwa kunyata kwenye uwanja wa baba yangu mwenyewe. Nikiwaona wajukuu zako wanarukaruka pale, roho inataka kunitoka.

Leo asubuhi nafagia, ikanijia. Kile kiti chako cha kamba. Kila alasiri ulikiweka pale pale, pembeni mwa migomba, mkabala na nguzo ya geti, na tukisogea na mpira wetu, wewe unafoka: "Chezeni kule! Nimesema kule!" Rehema alikuwa analia. Tulikuona mkali, Baba. Jamani, kumbe ulikuwa unatulinda!

Nimekitoa kiti stoo, nikachukua na mtaimbo. Nimeuchoma ardhini mbele kidogo ya pale ulipokuwa unakaa. Umezama wote bila kugonga kitu, vidole vyangu vikagusa nyasi. Na hapo ndipo Kaka anataka liwekwe jukwaa la maharusi, kwa sababu ukoka umeota mnene kuliko kwingine kote.

Nimemwambia. Amenijibu, "Nikipitisha rola patakaza." Nimemvuta mkono aje auone mtaimbo, ameuchomoa mkono wake akaenda zake.

Sasa nakuandikia nimekaa kwenye kiti chako, nimekiweka mbele ya shimo, upande atakaotokea. Trekta limeshawaka nyuma ya nyumba. Mama anamwita, haitiki. Samahani kwa mwandiko, naandikia gotini.

Nakuahidi, Baba, siinuki hapa mpaka azime injini. Tutapachimbua, tutapajaza mawe, na Rehema wako atacheza juu ya ardhi ngumu, hata kama ni uani kwa jirani. Anakunja kona sasa, namwona. Amenitazama.

Wewe pumzika. Kiti chako kina mtu.

Mwanao,
Mwajuma