Gari la Bibi Harusi na Njia ya Bondeni

Kaka Juma,

Anwani yako sina, na kaburi lako hatukuonyeshwa. Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, aisome atakaye, labda na wewe itakufikia kwa njia zake. Kuna neno nililifungia kifuani tangu nikiwa msichana, na leo nina wajukuu. Nikianza na neno hilo nitalia na kalamu itanishinda, basi niache nianzie mtaa wa Namuwongo.

Unaikumbuka ile siku kando ya reli? Ulinipa usukani wa gari lako dogo jeupe, gari la kwendea ofisini, tumbo lake chini kama la kuku anayeatamia. Mimi nilidhani utanipeleka Nakasero nikapite mbele ya mahoteli, watu wanione. Wapi! Ukaniingiza kwenye njia ya udongo, mvua ikiwa imenyesha jana yake. "Kwenye lami kila mtu anaendesha," ukasema. "Wewe nataka ujue njia za panya." Sikuuliza kwa nini. Chini ya utawala ule wa jeshi, nani angeuliza kwa nini mtu anapenda njia isiyo na kizuizi cha askari?

Nikaliona dimbwi, nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka bure, gari likazama, na tope lote likamrukia mama mmoja muuza mkaa. "Banange! Gomesi yangu!" Akatujia na ufagio, gauni lake lote tope. Nawe badala ya kunitetea ukacheka mpaka ukakaa chini. "Bwana dereva, unalima au unaendesha?"

Kisha ukamwomba yule mama msamaha, ukavua viatu, ukakunja suruali, ukaingia kwenye lile tope mwenyewe. "Penye maji, dereva anashuka anatembea kwanza," ukaniambia. "Mguu wako ndio utakuambia chini kuna jiwe au kuna shimo. Gari hili si trekta, usilidanganye." Ukanionyesha kupunguza upepo kwenye matairi ili yashike udongo. Ukanifundisha gia ya pili, mguu mmoja mtulivu, bila kugusa breki, na magurudumu yapande kwenye matuta, yasiingie kwenye mifereji iliyochimbwa na malori. Kwenye buti uliweka jembe na magunia mawili ya kutandika chini ya magurudumu. Yale magunia yalinuka mihogo mikavu. Mpaka leo nikipita sokoni penye mihogo mikavu, moyo unanidunda.

Ulikuwa dereva wa bwana mkubwa mmoja serikalini. Siku alipotoroka nchi, waliofanya kazi naye wakaanza kupotea mmoja mmoja: karani wake, kisha mpishi. Wewe ukaiacha lami kabisa. Dereva nikawa mimi, nawe ukakaa kando yangu, kofia imeshuka machoni. Tulivuka lile bonde la mafunjo nyuma ya Lubaga mara ngapi? Mimi nashuka, natembea, narudi, naweka gia ya pili, twende. Siku moja ulisema, "Sasa umenipita." Nikavimba kichwa, kaka. Hapo ndipo maradhi yangu yalipoanzia.

Ikaja harusi ya Mariamu, binti wa shangazi, kule ng'ambo ya Busega. Gari letu ndilo lingembeba bibi harusi. Asubuhi ile nililiosha kwa mikono yangu, nikasugua mpaka vifuniko vya magurudumu, nikafunga utepe mbele na maua milangoni. Na mimi mwenyewe nilikuwa na viatu vyeupe vya visigino virefu, vya kuazima. Unavikumbuka? Mimi sijavisahau.

Tulipofika panapogawanyika njia, bonde kulia na lami kushoto, udongo ulikuwa umelowa. Nikasimamisha gari.

"Kulia, bwana dereva," ukasema.

"Gari la bibi harusi lifike na tope? Huo ni mkosi, Juma. Na shangazi atanisema mpaka nizeeke."

"Tutaliosha huko huko."

"Na viatu vyangu?"

Ulitazama viatu, ukanitazama mimi. "Wewe kaa na viatu vyako. Nitashuka mimi, nitatembea mimi."

Ulisema hivyo, kaka. Ulikuwa tayari kuingia kwenye tope na suti yako ya harusi. Nami nikajibu kwamba ni Jumamosi, askari hawajaamka na pombe zao, ni dakika kumi tu. Ukashusha kofia. "Kale, haya basi. Dereva ni wewe."

Nikakata kushoto.

Kizuizi kilikuwa baada ya kona, magogo mawili na askari watatu. Wa kwanza aliona maua akacheka. "Arusi ya nani? Mama, leta sisi pilau!" Alikwisha kuanza kuvuta gogo. Yule wa pili akainama dirishani kwako. "Wewe, toa kofia." Ukaitoa. "Wewe si dereva ya ile bwana nakimbia?"

Ulishuka bila kusukumwa. Mimi nikabaki nimeshika usukani. Ulipita mbele ya gari, ukasimama upande wangu, ukasema kwa sauti yako ile ya Namuwongo, "Endesha polepole. Bibi harusi anasubiri." Basi. Yule wa kwanza akapiga boneti kwa kiganja. "Kwenda, arusi nachelewa!"

Na mimi nikaenda. Hili nalo sijalisema kwa mtu. Nikaenda, nikampakia Mariamu, nikamzungusha, wanawake wakipiga vigelegele. Shangazi akalizunguka lile gari lote. "Mashallah, halina hata tone la tope! Huyu msichana ana akili." Nilicheka. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo kwa jambo lingine, watatujia sote pale pale. Baada ya bibi harusi kuingia ndani nikamwambia shangazi kwamba askari wamekuchukua, na vigelegele vikakatika.

Lakini si hilo neno lenyewe. Neno lenyewe ni hili. Mama aliponiuliza, "Mbona hamkupita bondeni?" nilimjibu, "Juma alikataa. Alikuwa na haraka."

Ilinitoka tu, kama mtoto aliyevunja chungu. Nilidhani nitaisahihisha kesho yake. Kesho mama alikuwa na homa. Keshokutwa alikuwa akizunguka kambi za askari akiulizia jina lako, akirudi na miguu imevimba. Ningemwambia lini? Ikapita miaka, utawala ule ukaanguka, watu wengine wakarudi na wewe hukurudi. Na mama akawa na wimbo wake mmoja kila ukitajwa: "Haraka haraka haina baraka. Mwanangu yule haraka zake zilimmaliza." Alikulilia, lakini alikukasirikia pia, kaka. Alikufa akikukasirikia. Nilikuwa nimemshika mkono, na bado sikusema.

Juzi mjukuu wangu, ambaye amenunua gari dogo la mjini, aliniomba nimfundishe njia mbovu za kwenda shambani. Tukafika penye dimbwi. Akataka kukanyaga mafuta, damu yetu hiyo. Nikamwambia azime gari. Nikavua viatu, nikashika gauni, nikaingia, maji yakafika kwenye vigimbi, magoti haya ya kizee yakilia. Akapiga kelele, "Bibi, utachafuka!" Nikasimama mle kwenye tope, nikalia mpaka mtoto akaogopa. Akaniuliza nani alinifundisha kutembea kwanza. Nikamsimulia yote, hadi kwenye kona na magogo. Akauliza swali lile lile la mama yetu.

Safari hii nilijibu kweli. Kisha tukaenda makaburini, miguu yangu ikiwa na tope vile vile, nikamwambia na mama. Amechelewa kusikia, nami nimechelewa kusema, na sikuombi unisamehe kwa barua. Ninachotaka ni jina lako lisafishwe kama nilivyolisafisha lile gari. Wewe ulisema kulia. Lami niliichagua mimi, kwa ajili ya viatu vya kuazima.

Haraka haikuwa yako, kaka. Pumzika.

Mdogo wako,
yule uliyemwita bwana dereva