Mionzi Niliyoikataa

Aikaeli,

Shikamoo yako sijaisikia tangu tukufukie, na mimi siwezi kuitikia marahaba kwa migomba uliyolala chini yake. Kwa hiyo naanza bila salamu. Darasa langu la nne unalijua, mwandiko utauvumilia.

Ng'ombe wako amezaa dume, hasara tupu. Kahawa imetoa maua machache. Baba yako anakaa jikoni anatazama moto mpaka mtori wa ndizi unaungua, nami namfokea.

Sasa lile jambo. Uliporudi kutoka chuoni umekonda, nilikuuliza unasoma nini kinachokumaliza hivyo. Ukasema nyota changa, zile ambazo bado zinaumbwa, na jinsi mionzi yao inavyosukuma gesi. Nikakwambia nyota ziliumbwa siku ya nne, Mungu hakuacha kiporo. Ukacheka, ukashika ubavu, na hapo ndipo nilipojua kuna kinachouma.

Daktari wa mjini akasema ni uvimbe, ukachomwe mionzi. Mimi nikasikia neno hilo moja tu. Nilisimama mbele ya wauguzi nikasema, "Mionzi ndiyo imemla mtoto, na nyie mnataka kumwongezea?" Ulinivuta kitenge. "Bibi, siyo hiyo," ukasema. Nilikukatisha. Nilikurudisha nyumbani Machame nikakuchemshia mizizi. Msomi mzima, ungeweza kukataa. Hukukataa, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea, na nilikulea usinijibu.

Baba yako alipokurudisha hospitalini kwa nguvu, daktari alisema tumechelewa. Hata mwanzo hakuahidi kupona. Aliahidi muda. Muda huo nimeula mimi.

Na bado sikukoma. Msibani niliwaambia ukoo wote kwamba masomo ndiyo yaliyokuua. Daftari zako nikazifungia sandukuni.

Wiki iliyopita akaja Upendo, yule uliyesoma naye. Alikuja kuziomba daftari hizo. Nikampa kisu amenye ndizi kwanza, nikamuuliza kama yeye haogopi kufa. Hakuelewa. Nilipomweleza, akaongea taratibu kama anayemwongelesha mgonjwa. Nyota hizo ziko mbali mno, Bibi, Aikaeli hakuwahi kuzigusa, alizisoma kwenye kompyuta. Hata joto la jua mgongoni ni mionzi. Ya hospitali ni nyingine, na kazi yake nyingine. Neno moja, vitu vingi.

Nikamuuliza basi ulikuwa unatafuta nini. Akaonyesha jiko. Nyota changa inakula gesi inayoiangukia, kama moto unavyolishwa kuni, lakini gesi nyingine inaitema, juu na chini, inatoka kwa kasi. Ikiwa kubwa, mwanga wake unazidi, unaipasha moto gesi ile na kuisukuma, na njia za kutokea zinapanuka. Wewe ulikuwa unauliza kama nyota inaweza kujifukuzia chakula kwa mwanga wake yenyewe. Uliandika kwamba mwanga mwingi unaponyoka kwenye njia hizo hizo, kwa hiyo chakula kinaendelea kuingia pembeni, na nyota inakua. Hukumaliza hesabu.

Nikaendelea kumenya. Nilijikata kidole.

Nikafungua sanduku. Upendo ameondoka na daftari zote. Ana mikono mizuri yule, anamenya ndizi bila kupoteza nyama.

Alipoondoka nikakata jani la isale kwenye ua wa mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo, nikaja kukuwekea kaburini. Unajua kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe, hata awe amefiwa na mtoto. Lakini mwenye kupokea lazima awe na mkono wa kupokelea. Nilisimama pale kama mjinga. Sitawaambia watu kwamba umenisamehe. Nimeliacha tu juu ya udongo.

Jumapili, ukoo ukikaa baada ya ibada, nitasimama. Baba yako atakuwepo. Nitasema hivi: "Aikaeli hakuuawa na nyota. Alipewa muda hospitalini, mimi nikamnyima, kwa ujinga na kiburi." Kisha nitakaa, na atakayetaka kunisuta anisute. Sitajitetea.

Lala, mjukuu wangu. Sikuombi uniombee.

Bibi yako